Shajara ya mradi: tumbo la boti ya rimoti lililopasuliwa na jiwe la volkano

Himbi, Goma

Siku ya 1, Jumamosi: kufungua na kupima

Boti iliyo mezani ina gamba la faibaglasi lenye tumbo la umbo la V, urefu milimita 730, upana 215. Ndani kuna mota isiyo na brashi ya saizi 3660, kidhibiti mwendo cha ampea 120 kinachopozwa kwa maji, na betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli 4 yenye mAh 5,000. Iligonga jiwe kwa upande wa kulia ikiwa mbio, karibu na ufuko. Aliyezoea mwambao wa Goma anajua jiwe hilo ni la aina gani. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na lava za zamani zaidi zimeutandika ukingo sehemu nyingi: jiwe jeusi lenye vitundu, na kila kitundu kina makali yake. Jiwe la mto lingeikwaruza boti. Hili hukata.

Betri hutoka kwanza. Kabla ya kugusa skrubu yoyote na kabla ya kufuta maji, iwekwe nje juu ya tofali, mbali na kitu kinachoweza kushika moto. Betri ya LiPo iliyolowa au kugongwa haichajiwi siku hiyo. Inaangaliwa saa 24 kama itavimba. Hii haikuvimba, na seli zote nne zilisoma kati ya volti 3.78 na 3.80, ambayo ndiyo volti ya kuihifadhi, basi ikabaki hapo.

Maji ya Ziwa Kivu hayana chumvi ya bahari, lakini yana magadi. Yakikauka kwenye chuma au kwenye plagi huacha unga mweupe. Kwa hiyo mota, kidhibiti mwendo na servo (mota ndogo ya kugeuza usukani) zilisuuzwa kwa maji ya mvua, zikapitishiwa alkoholi ya 90 ya famasi, kisha zikaachwa dirishani siku mbili. Beringi za mota zilipata tone moja moja la mafuta ya cherehani. Risiva, kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti, ilikuwa ndani ya puto lililofungwa mdomo kwa raba, haikuguswa.

Gamba tupu likawekwa kwenye mizani: gramu 712. Kumbukumbu ya uzito wake likiwa kavu ni gramu 618. Gramu 94 hizo ni maji yaliyojificha, na lazima yajulikane yalipo kabla ya kufikiria kiraka, kwa sababu resini, ile gundi ya majimaji inayoganda, haishiki kwenye faibaglasi yenye unyevu.

Jeraha lenyewe: tundu la milimita 34 kwa 16, umbali wa milimita 240 kutoka tezi (mwisho wa nyuma wa boti), kati ya mkuku (mstari wa katikati wa tumbo) na mbavu ya kwanza ya nje, ile miinuko mirefu ya tumboni inayoyatupa maji pembeni. Kutoka kwenye tundu unaanza ufa wa milimita 112 kuelekea omo, yaani mbele. Mbavu ya pili imemeguka ukingo wake milimita 22. Jelikoti, yaani ile ngozi ngumu yenye rangi iliyozaliwa pamoja na gamba, imepasukapasuka kama nyota pande zote za ufa.

Macho hayatoshi kupima faibaglasi. Tunagonga. Pesa ya Kongo ni noti tupu, kwa hiyo karakana ina sarafu moja ya Rwanda ya faranga 100 kwa kazi hii. Unaishika kwa vidole viwili na kuigonga kidogokidogo, hatua ya milimita 5, kuanzia sehemu nzima kuelekea jeraha. Faibaglasi nzima hujibu kwa sauti kavu ya juu, ti, ti, ti. Mahali tabaka zilipoachana sauti hushuka ghafla, kama umegonga boksi la karatasi. Kila sauti inaposhuka, weka alama ya penseli. Alama zilipounganishwa zilitoa umbo la milimita 95 kwa 60: mara nyingi zaidi ya tundu linaloonekana. Anayeziba tundu tu anaacha sehemu kubwa ya ugonjwa ndani.

Jambo lingine lilionekana hapo. Pembeni ya tundu kulikuwa na ukarabati wa zamani wa mastiki ya magari. Kipande chote kilitoka kwa ncha ya kisu, kikiwa kizima, na nyuma yake faibaglasi ilikuwa inang'aa: haikusuguliwa kwa msasa. Mastiki ya karoseri ni nzuri kwa mlango wa gari. Tumbo la boti hunesa kila linapopiga wimbi, mastiki hainesi. Na ikipata mwanya hunywa maji. Chini ya mstari wa maji hatuiweki.

Siku ya 2, Jumapili: maji yalipokuwa

Povu la ndani ya omo limetolewa kwa bisibisi na koleo. Ni lile la kupuliza, wanalotumia mafundi wa milango na madirisha. Likiwa na ngozi yake zima hukataa maji, lakini aliyelijaza humu alilikata kwa kisu ili kupata nafasi, na sehemu iliyokatwa hunywa. Kwenye mizani: gramu 121 likiwa limelowa. Povu hilo kavu ni gramu 35. Kumbe gramu 86 za maji zilikuwa kwenye povu, na 8 tu kwenye pembe na ndani ya tabaka za faibaglasi.

Gamba limeingia kwenye kasha la karatasi lenye balbu ya wati 60 ya aina ya zamani, ile yenye waya unaowaka. Balbu ya LED haina joto la kutosha. Kipimajoto kinasoma 38. Kasha lina matundu mawili, moja chini na moja juu, ili unyevu utoke. Kasha lililozibwa kabisa hupika gamba ndani ya mvuke wake.

Umeme ukikatika, bidoni ya lita 5 yenye maji ya moto ndani ya kasha hushikilia joto saa kadhaa. Mbabula, jiko la makaa, hapana. Makaa yanatoa hewa yenye sumu, na karakana hii ina asetoni ambayo mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo.

Siku ya 4, Jumanne: nyenzo

Gamba bila povu limesoma gramu 583 asubuhi na gramu 583 jioni. Namba ikirudia mara mbili bila kushuka, gamba ni kavu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gamba ni faibaglasi kweli. Tone moja la asetoni ndani, mahali pasipoonekana, hesabu hadi 30, gusa. Plastiki ya ABS hulainika na kunata kidoleni. Faibaglasi hubaki vile vile. Kama ni ABS, njia ni nyingine: chakavu za ABS huyeyushwa kwenye asetoni mpaka ziwe uji mzito, na uji huo ndio hujaza ufa.

Kinachopatikana kwa urahisi hapa Goma, kwa mafundi wa bampa na wa boti za mwendo kasi za njia ya Bukavu, ni resini ya poliesta na mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Vyote viwili ni vizuri kwa boti kubwa. Kwa kazi hii tumechagua resini ya epoksi na kitambaa cha faibaglasi kilichofumwa. Poliesta hupungua inapokauka, na kwenye gamba lenye unene wa milimita 1.4 kupungua huko hulivuta tumbo na kulitia bonde. Tena poliesta mpya hushika kwenye gamba la zamani kwa udhaifu. Epoksi hushika vizuri. Kinyume chake hakifai: ukishaweka epoksi, usirudi kuweka poliesta juu yake.

Mkeka nao usichanganywe na epoksi bila kujua umetengenezwaje. Nyuzi zake nyingi hushikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na stairini, na stairini iko kwenye poliesta. Epoksi haina. Mkeka hubaki mgumu, unakataa kulala kwenye kona, na katikati yake hubaki mweupe kwa sababu resini haijaingia.

Kitambaa tulicho nacho ni cha gramu 163 kwa mita ya mraba, na kipande kidogo cha gramu 80 kwa tabaka la juu kabisa. Tabaka moja la gramu 163 likipakwa kwa mkono hutoa karibu milimita 0.2.

Siku ya 5, Jumatano: viraka vya ndani

Nguvu inatoka ndani, umbo linatoka nje. Kwa hiyo tunaanza ndani, na mteremko wa nje hauchongwi bado: ukiuchonga leo, kibao cha kushikilia tundu hakitakuwa na pa kukaa.

Barakoa ya vumbi, mikono mirefu, miwani. Vumbi la faibaglasi likiingia kwenye ngozi oga kwa maji baridi kwanza. Ndani ya gamba pamesuguliwa kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao wote ukaisha, milimita 20 zaidi ya alama za penseli kila upande. Vipande vilivyoachana vimekatwa kwa msumeno mdogo wa chuma hadi pale sarafu inaposema ti. Ndani ya ufa kulikuwa na chembe nyeusi za jiwe. Zimetolewa moja moja kwa sindano chini ya lenzi, saa nzima ya kazi, na ni saa isiyoweza kurukwa: chembe moja ikibaki, resini huishika hiyo badala ya kulishika gamba. Mwisho, asetoni kwa kitambaa cheupe cha pamba, futa upande mmoja tu, badilisha uso wa kitambaa, rudia mpaka kitoke cheupe.

Nje ya tundu pamewekwa kibao cha plastiki ngumu, milimita 90 kwa 60, kilichovikwa skochi ya kahawia ya kufungia maboksi. Epoksi haishiki kwenye skochi hiyo. Kibao kimebanwa kwa vipande vya chemba ya baiskeli vilivyozungushwa kwenye gamba. Kikibanwa sana hulisukuma tumbo ndani. Kinatakiwa kugusa tu.

Viraka vitatu: milimita 170 kwa 70, 150 kwa 55, 130 kwa 40. Kikubwa kinalala kwanza. Kona zote zimekatwa za mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo huanza kubanduka. Vyote pamoja ni gramu 4.1. Kwa kazi ya mkono, resini ikadirie kuwa sawa na uzito wa kitambaa, ongeza ya kulowesha gamba na ya kutengeneza uji. Tumechanganya gramu 12. Chini ya hapo, kosa dogo la mizani linakuwa kosa kubwa la uwiano.

Uwiano: kopo linasema 2 kwa 1 kwa ujazo. Wengi hukosea hapa kwa kuuhamisha uwiano huo kwenye mizani bila kubadilisha. Resini ni nzito kuliko kikaushi chake. Kwa hii yetu, 2 kwa 1 kwa ujazo ni karibu 100 kwa 43 kwa uzito, yaani gramu 8.4 za resini na 3.6 za kikaushi. Asiye na mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya gramu atumie sirinji mbili za famasi, moja ya resini, moja ya kikaushi, wala zisibadilishane. Kuongeza kikaushi ili ikauke haraka ni kuiharibu: epoksi haifanyi kazi kama poliesta, ile ya ziada hubaki ndani ikiwa laini daima.

Koroga dakika mbili kamili ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kwenye kisosi kipana. Epoksi ikibaki nyingi ndani ya kikombe chembamba hujipasha yenyewe na kuganda mkononi kabla hujamaliza.

Kwanza gamba limepakwa resini tupu. Kisha sehemu ya resini imetiwa unga wa silika mpaka ikasimama kama siagi ya karanga, ikajaza ufa na mashimo ya nyuma ya mbavu, ili kitambaa kisipite juu ya hewa. Kisha viraka, kimoja kimoja, kwa brashi iliyokatwa nywele fupi, ukigonga kwa ncha yake badala ya kupaka. Kupaka huvuta nyuzi. Kitambaa kilicholowa vizuri hupotea machoni. Kikiwa cheupe kina kiu; kikielea na kung'aa kimezidishiwa. Juu ya vyote, kipande cha bitana ya nailoni isiyotiwa dawa ya kuzuia maji, kimelazwa na kubonyezwa. Kesho kitabanduliwa, na kitaacha uso mkavu wenye chembe.

Masalio ya kisosi hayatupwi. Yanaingia kwenye kasha pamoja na boti. Ukucha hupima masalio kabla ya kupima kiraka.

Siku ya 6, Alhamisi: baridi ya usiku

Umeme ulikatika usiku na bidoni haikuwa imeandaliwa. Asubuhi kasha lilisoma 17. Ukucha uliacha alama kwenye masalio. Pembeni mwa bitana, pale resini ilipobaki wazi, palikuwa na utelezi kama wa sabuni.

Utelezi huo hutoka kwenye kikaushi kinapokutana na unyevu na hewa ya baridi. Mtu akiusugua kwa msasa anausambaza na kuuingiza ndani ya mikwaruzo, na tabaka linalofuata hubanduka kama ganda la ndizi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sponji ya kijani ya kusugulia sufuria, kisha kitambaa kikavu. Asetoni haifai kwa hili. Baada ya kuoshwa, boti imerudi kwenye joto la 35 kwa saa 8. Jioni ukucha haukuacha kitu. Kiraka kipo, hakuna kilichopotea isipokuwa siku moja.

Siku ya 8, Jumamosi: nje

Boti imelala mgongoni juu ya mito miwili ya mchanga. Sasa mteremko: kutoka ukingo wa tundu, unene wa 1.4 unashuka polepole kwa umbali wa milimita 18 kila upande, yaani karibu mara 13 ya unene wenyewe. Ukitazama mteremko uliochongwa vizuri utaona tabaka za zamani zikijipanga kama pete za mti, kila pete na upana wake. Pete zikiwa nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine, mkono umeegemea. Hizo pete ni kipimo kizuri kuliko rula.

Tabaka 5 za gramu 163 zimejaza bonde, kubwa kwanza, ya mwisho ndogo kama tundu. Juu yake moja ya gramu 80 inayofunika zote. Hapo unene umefika milimita 1.1 hivi, na tumeacha sehemu ya kumi tatu za milimita kwa ajili ya kunyoosha. Ufa umefanyiwa hivyo hivyo kwa tabaka chache. Bitana juu, karatasi ya plastiki juu ya bitana, kisha mfuko wa mchanga wa kilo 1 uliosambazwa. Safari hii bidoni mbili za maji ya moto zilikuwa tayari.

Siku ya 9, Jumapili: kiputo

Sarafu imekuta sauti butu karibu na mkuku, eneo la milimita 8. Kwenye mwanga linaonekana kama wingu jeupe. Ni hewa iliyobaki chini ya tabaka la pili, mahali mteremko ulipokutana na kona ya mkuku na kitambaa kikagoma kukunja.

Kubomoa hakuna haja kwa kiputo cha ukubwa huu. Tundu mbili za milimita 1.5, moja kila mwisho wa wingu, bila kutoboa mpaka ndani. Resini isiyo na unga imepashwa kidogo kwa kusimamisha sirinji ndani ya maji ya uvuguvugu, ikawa nyepesi, ikasukumwa kwa tundu la chini mpaka ikachungulia kwenye la juu. Ukitoboa tundu moja tu hewa haina pa kutokea, resini haiingii. Wingu limepotea mbele ya macho, kuanzia upande wa sindano.

Siku ya 11, Jumanne: rula na karatasi

Hii ndiyo siku inayoamua kama boti itaenda. Tundu lililozibwa lakini likaacha tumbo limepinda ni boti mbovu isiyovuja.

Boti ya aina hii ikiwa mbio hupanda juu ya maji na kukanyaga kwa theluthi ya nyuma tu. Theluthi hiyo lazima iwe imenyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Pakiwa na bonde karibu na tezi, maji hunyanyua nyuma na kuizamisha omo, boti inachimba. Pakiwa na kilima, omo hupanda, huanguka, hupanda tena, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo inavyozidi. Watu huhamisha betri wiki nzima wakitafuta dawa ya ugonjwa ulio kwenye tumbo.

Kipimo: rula ya chuma ya milimita 300 imesimamishwa kwa ubavu wake juu ya tumbo, sambamba na mkuku, na tochi nyuma yake. Mwanga unapopita kuna bonde. Kujua kina chake, tumia karatasi ya fotokopi ya gramu 80, ambayo unene wake ni sehemu ya kumi ya milimita. Karatasi ngapi zinapita chini ya rula, ndizo sehemu ngapi za kumi.

Kabla ya kusugua, rula ilikuwa inayumba juu ya kiraka kama mbao ya pembea. Kusugua ni kwa msasa namba 80 uliobandikwa kwenye kibao cha milimita 150, kwa mshazari, kulia na kisha kushoto, na namba 120 baadaye. Kidole hakisugui tumbo la boti: kidole hufuata bonde na kulizidisha. Tumesugua mara ishirini, tukapima, mara ishirini, tukapima. Mabonde mawili yaliyobaki yamejazwa uji wa epoksi na vipovu vya kioo, ambao husuguliwa kwa urahisi. Asiye na vipovu hivyo atumie poda ya mtoto iliyo ya talki. Ni nzito zaidi lakini inafanya kazi. Mwishoni karatasi moja inapita kwa shida sehemu mbili, karatasi mbili hazipiti popote. Upande wa kushoto ambao haukugongwa unatoa matokeo yale yale, na huo ndio uliokuwa lengo.

Mbavu iliyomeguka ilitaka kazi ya peke yake. Ukingo wake lazima uwe mkali, kwa sababu maji huachana na boti penye ukingo mkali. Penye mviringo hung'ang'ania na kupanda ubavuni. Tumekata ukanda wa plastiki kutoka chupa ya maji, tukauvika skochi, tukausimamisha kama ukuta kando ya mbavu kwa matone mawili ya supaglu, nusu milimita juu ya kimo kinachotakiwa. Nafasi ikajazwa uji wa silika wenye nyuzi za kitambaa zilizokatwa urefu wa milimita 2. Ukuta ulipobanduliwa, mbavu ilikuwa na ukingo wa kukata uzi. Ikasuguliwa juu tu, pembeni haikuguswa.

Ukingo wa nyuma wa tumbo, pale linapoishia kwenye tezi, umepewa uangalizi huo huo. Msasa mmoja wa haraka unatosha kuuzungusha.

Siku ya 13, Alhamisi: rangi

Msasa wa maji namba 240, kisha 400. Praima ya kopo la kupuliza, tabaka mbili nyembamba. Rangi ya akriliki, tatu. Dakika 15 kati ya moja na nyingine. Rangi ya magari ya kopo mbili ni ngumu zaidi, lakini kikaushi chake kina isosianeti, sumu ya mapafu ambayo barakoa ya vumbi haizuii. Haitumiki humu. Silikoni yoyote ibaki ndani ya kabati mpaka rangi ikauke: alama ya kidole chenye silikoni huifanya rangi ikimbie na kuacha vijicho. Gamba sasa ni gramu 610.

Siku ya 15, Jumamosi: kurudisha vifaa

Povu la zamani halirudi. Mahali pake pamewekwa chupa nne za maji za mililita 330, vifuniko vimekazwa na kupakwa silikoni, zikabanwa kwa vipande vya kandambili za zamani, ambazo povu lake lina vyumba vilivyofungwa na halinywi maji. Nyongeza ni gramu 60. Jaribio limefanyika kwenye beseni: boti kamili, betri imebadilishwa na tofali la uzito ule ule, gamba limejazwa maji mpaka juu. Omo imebaki nje milimita 70. Hii itarudi ufukweni hata ikipasuka tena.

Mkono wa shafti, unaoshikilia mhimili wa propela, ulikuwa umepinda digrii mbili kwa mgongano; umenyooshwa kwenye jiliwa na kurudishwa sambamba na mkuku. Shafti ya waya uliosokotwa imetolewa, imefutwa, imepakwa grisi isiyosombwa na maji, na imeachiwa milimita 2 kati ya mkono na nati ya propela. Waya huo ukivuta mzigo hufupika. Bila nafasi hiyo nati hubana mkono na kupashika moto. Kila tundu la skrubu linalopita tezi lina silikoni.

Uzito wa boti tayari kwa maji: gramu 2,390. Kituo cha uzito kimewekwa milimita 219 kutoka tezi, ambayo ni asilimia 30 ya urefu. Ukipima, betri iwe ndani na kifuniko kimefungwa. Kiraka kimeongeza gramu chache kulia, kwa hiyo betri imesogezwa milimita 6 kushoto mpaka boti ikalala sawa kwenye beseni.

Siku ya 16, Jumapili: maji

Kwanza beseni, nusu saa, karatasi ya choo imetandikwa ngamani, yaani sakafu ya ndani ya boti, juu ya kiraka. Karatasi ina faida kuliko macho: tone dogo huacha duara. Hakuna duara.

Ziwani tumekwenda asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Kituku, penye soko na bandari, hapafai, kuna boti za mizigo, watoto wanaogelea, akina mama wanateka maji. Tulichagua ghuba tulivu, na palipoinuka: kwenye mabonde ya ukingo hewa ya mazuku, yaani kaboni dioksidi nzito inayotoka ardhini na kuua, hujikusanya asubuhi kama hizo, na anayeinama kurekebisha boti pua yake iko hapo hapo chini.

Mzunguko wa kwanza nusu ya kasi, sekunde 30, rudisha, fungua, angalia. Wa pili robo tatu, dakika moja. Wa tatu kasi yote, dakika mbili, kwa mistari mirefu, ukingo ukiwa mbali mita 20. Tundu la maji ya kupoza lilitema mfululizo. Mota ilisoma joto la 48, kidhibiti mwendo 41. Boti ilipanda juu ya maji bila kudundadunda, na omo haikuzama ilipoachiwa kasi ghafla. Kwenye kona ya kulia iliteleza kidogo. Usukani umeshushwa milimita 2, ikatulia. Betri ilitolewa seli zikiwa volti 3.72.

Ngamani, karatasi juu ya kiraka ni kavu. Chini ya bomba la shafti kuna duara la ukubwa wa kifungo cha shati: grisi haikujaa mpaka mwisho wa bomba, itaongezwa. Sarafu imepita eneo lote tena, sauti ni moja. Kwenye rangi, juu ya mbavu iliyojengwa upya, kuna mstari mwembamba kama unywele, milimita 9. Ncha zake mbili zimewekewa alama ya penseli na tarehe. Baada ya safari tano utapimwa tena. Ukivuka alama, rangi itakwanguliwa hapo na uji wa chini yake kuangaliwa.